Kigoma–Dar es Salaam kwa ndege: umbali, muda wa safari na maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri anayeanzia au kuishia Kigoma, pamoja na yule wa Tabora ambaye mara nyingi hupanda ndege hiyo hiyo. Saa zote zimetajwa kwa Kiswahili, isipokuwa pale tunapotaja kilichochapwa kwenye tiketi.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita ngapi kwa ndege?

Ni takribani kilomita 1,077 kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa Kigoma hadi Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Kwa maili za kawaida ni kama 669, na kwa maili za baharini, ambazo marubani huzitumia, ni kama 582. Ndege yenyewe huzidisha kidogo, kwa sababu hufuata njia za anga zilizopangwa na huzunguka ili iikabili njia ya kutua kutoka upande unaofaa. Ongeza kilomita 20 hadi 50, utakuwa karibu na ukweli.

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 732. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama 351.

Mbona kwingine nimeona 1,250, na kwingine zaidi ya 1,400?

Kwa sababu hizo si kilomita za angani. 1,250 na ushee ni urefu wa Reli ya Kati, ile ya zamani iliyojengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Barabara ina majibu mawili: ukipita Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Kaliua na Uvinza unazidi kilomita 1,200 kidogo, ukizunguka Singida, Nzega, Kahama, Kibondo na Kasulu unapita 1,400. Kwa hiyo mtu akikutajia umbali wa Kigoma, muulize kwanza anapima kwa chombo gani.

Jambo moja huwashangaza wengi wanapoliona kwenye ramani. Dodoma iko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka kati ya Dar es Salaam na Kigoma, na Tabora iko kama kilomita 50 tu kaskazini mwake. Ndiyo maana reli inazidi mstari wa angani kwa kilomita 175 hivi tu. Misafara ya zamani ya kwenda Ujiji ilikuwa imeshaipata njia fupi kabla reli haijafikiriwa.

Ndege inatumia muda gani?

Inategemea aina ya ndege, na kama inatua njiani.

Ndege ya pangaboi aina ya Q400, ile ambayo wengi wanaiita Bombardier, yenye viti 76 kwa mpangilio wa Air Tanzania, inaweza kufikisha kilomita 667 kwa saa. Ikienda moja kwa moja, hesabu saa 2 au saa 2 na dakika 10. Ikipitia Tabora, hesabu saa 2 na dakika 40 hadi saa 3.

Ndege ya jeti aina ya Airbus A220 hukimbia kilomita 830 hivi kwa saa. Kwa umbali huu ingetumia saa 1 na dakika 40 hivi. ATR 72, ambayo nayo ni pangaboi lakini ya mwendo wa kilomita 500 na kidogo, ingekaribia saa 2 na nusu.

Unaona kwamba tofauti kati ya jeti na Q400 haizidi dakika 30. Safari fupi namna hii sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka, na hapo kasi ya jeti haina nafasi ya kuonekana. Ukiwa na ratiba mbili mbele yako, inayokwenda moja kwa moja ina faida kubwa kuliko yenye ndege ya kasi.

Mbona rubani anasema dakika 95 lakini tiketi inasema saa 2?

Wanapima vitu viwili. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa tena kule iendako. Rubani anakutajia muda wa angani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa. Katikati kuna kutembea chini kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, kusubiri zamu, na mashirika huongeza dakika kadhaa za akiba. Dar es Salaam ndiko dakika nyingi huliwa, kwa sababu ndege za ndani na za nje zinagombania njia hiyo hiyo.

Anayekuja kukupokea mpe saa ya kwenye tiketi. Ukimpa dakika za rubani, atasimama nje bure.

Kutua Tabora kunaongeza umbali kiasi gani?

Karibu hakuna. Jumlisha 732 na 351 unapata 1,083, yaani kilomita 6 zaidi ya kwenda moja kwa moja. Kinachoongezeka ni muda, na si mdogo.

Ndege ya Q400 ikiwa safarini huwa kama mita 7,600 juu. Ili itue Tabora inaanza kushuka ikiwa bado kilomita 120 hivi kabla ya kufika, na kila inaposhuka inapunguza mwendo. Inatua, inaegeshwa, inashusha abiria na mizigo, inapandisha wengine, karatasi za uzito zinapigwa upya, kisha inapanda tena kwa robo saa nzima kabla ya kupata mwendo wake wa kawaida. Chini hapo dakika 25 hadi 30 zimekwenda hata kila mtu akiwa mwepesi. Na kipande cha Tabora hadi Kigoma ni kifupi kiasi kwamba ndege ikimaliza kupanda inakaa kidogo tu juu, kisha inaanza kushuka. Kilomita 351 zinachukua dakika 50 kwa sababu hiyo, wakati kwa kasi yake kamili zingekuwa dakika 32.

Ikitua Tabora nami naenda Kigoma, nishuke?

Kwa kawaida unabaki kwenye kiti, na wahudumu hupita wakihesabu abiria na kuuliza mizigo ya juu ni ya nani. Usibadilishe kiti wakati huo na usiende msalani hesabu ikiwa inaendelea. Kichwa kimoja kikikosekana hesabu inarudiwa. Hakuna vibao vya kusoma: sikiliza tangazo, kwa sababu kila mwaka wapo wanaoona uwanja mdogo dirishani wakadhani wamefika.

Cha kuangalia zaidi ni lebo ya begi lako kule Dar es Salaam. Kigoma imeandikwa TKQ, Tabora ni TBO, Dar es Salaam ni DAR. Kabla hujaondoka kaunta, soma herufi tatu kubwa kwenye karatasi iliyofungwa kwenye mpini, na ulinganishe namba yake na kile kipande unachopewa. Ikiwa imeandikwa TBO na wewe unaenda Kigoma, begi litashushwa Tabora na utalipata ndege ya safari nyingine. Kusahihisha pale kaunta ni jambo la nusu dakika.

Je, kwenda na kurudi ni muda sawa?

Karibu sawa. Ukanda huu uko karibu na ikweta na upepo wa juu kwa kawaida hutoka mashariki, bila nguvu kubwa. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukisukuma ndege kutoka nyuma unaokoa dakika tatu au nne katika safari nzima, na ukiipiga usoni unaongeza kiasi hicho hicho. Tofauti kubwa zaidi ya hiyo kwenye ratiba inatokana na kutua njiani: safari nyingine hupita Tabora wakati wa kwenda tu, nyingine wakati wa kurudi tu.

Nitapigaje mwenyewe hesabu ya umbali kati ya miji miwili?

Chukua nyuzi za viwanja vyote viwili kwenye ramani. Kigoma ni 4.89 Kusini, 29.67 Mashariki. Dar es Salaam ni 6.88 Kusini, 39.20 Mashariki.

Toa nyuzi za Kusini: 6.88 – 4.89 = 1.99. Zidisha kwa 111, ambazo ni kilomita za uzi mmoja: unapata 221.

Toa nyuzi za Mashariki: 39.20 – 29.67 = 9.53. Zidisha kwa 111: unapata 1,058. Hapa punguza kidogo, kwa sababu nyuzi za Mashariki hubanana kadiri unavyoiacha ikweta; kwa latitudo yetu zidisha kwa 0.995, inabaki 1,053.

Sasa ni ile kanuni ya pembetatu mraba ya darasani. 221 kwa 221 ni 48,841. 1,053 kwa 1,053 ni 1,108,809. Jumla 1,157,650, na kipeuo chake cha pili ni 1,076. Umekosa kilomita moja tu. Njia hii inafaa kwa miji yote ya Tanzania. Usiitumie kwa London au Guangzhou, maana kwa umbali huo mviringo wa dunia unaharibu hesabu.

Kupata muda wa Q400, gawanya kilomita kwa 600 kisha ongeza robo saa. Kigoma: 1,077 gawanya kwa 600 ni saa 1 na dakika 48, pamoja na 15 ni saa 2 na dakika 3. Tabora: saa 1 na dakika 28. Kosa linalofanywa sana ni kugawanya kwa kasi ya juu iliyoandikwa kwenye tovuti na kusahau hiyo robo saa.

Tiketi imeandikwa 12:40. Ni saa kumi na mbili na dakika arobaini?

Hapana. Ni saa 6 na dakika 40 mchana. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, kwa hiyo 06:40 ndiyo saa 12 na dakika 40 asubuhi, na 18:40 ndiyo saa 12 na dakika 40 jioni. Ondoa 6 kama namba ya saa ni kubwa kuliko 6; jibu likizidi 12, ondoa 12 tena. Ongeza 6 kama ni 6 au chini yake.

Hili tunalirudia kwa kila anayemkatia tiketi mzazi wake. Mzee akisomewa "06:40" na mjukuu kwa simu anaweza kusikia saa 6 na dakika 40, akafika uwanjani mchana wakati ndege iliondoka alfajiri. Mwandikie kwenye ujumbe: "Mama, ndege ni saa 12 na dakika 40 asubuhi, uwe uwanjani saa 10 na dakika 40 alfajiri." Angalia pia tarehe kwa safari za usiku wa manane: 00:30 ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, kwa hiyo unatoka nyumbani tarehe 14.

Nikiwa Kigoma simu imerudi nyuma saa moja. Ipi ni sahihi?

Kigoma na Dar es Salaam zina saa moja ileile, kama Tanzania nzima. Lakini Burundi na upande wa Kongo ng'ambo ya ziwa wako nyuma kwa saa moja. Simu iliyo karibu na ufuko au juu milimani inaweza kunasa mnara wa jirani na kujibadilisha saa yenyewe. Siku moja kabla ya safari, zima saa ya kujiweka yenyewe kwenye mipangilio na chagua Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono. Kengele iliyowekwa saa 11 alfajiri kwa saa ya Bujumbura italia saa 12 kwa saa ya Kigoma.

Na mbona jua huchelewa Kigoma kama saa ni moja?

Kwa sababu Kigoma iko nyuzi 9.5 magharibi zaidi, na dunia hutumia dakika 4 kuzunguka kila uzi. Hiyo ni kama dakika 38. Miezi mingi, saa 12 na nusu asubuhi Dar es Salaam jua limeshatoka, Kigoma bado halijachomoza. Anayetegemea mwanga kumwamsha asitegemee.

Begi langu limebaki, nami nimefika. Kwa nini?

Hili ndilo lalamiko tunalolisikia kuliko yote, na sababu yake mara nyingi ni uzito, si uzembe.

Ndege haiwezi kuruka na uzito wowote unaotoshea ndani. Hewa ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, na mabawa hupata nguvu kidogo ya kunyanyua; injini nazo hupungua nguvu. Mwinuko unafanya vilevile. Uwanja wa Tabora uko kama mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, Kigoma kama mita 820, wakati Dar es Salaam ni mita 55 hivi. Ongeza urefu wa njia ya kurukia: ikiwa fupi, ndege inabidi iwe nyepesi ili inyanyuke kabla njia haijaisha, na ibaki nafasi ya kusimama kama rubani ataghairi. Halafu kuna mafuta. Ikibidi ndege ije na mafuta ya kurudia, mafuta hayo yanachukua uzito ambao ungekuwa wa mizigo, na mvua ikitabiriwa rubani huongeza mengine ya kufikia uwanja wa akiba. Uzito ukizidi kikomo, cha kwanza kushuka ni mizigo, kisha viti vya abiria.

Utapunguzaje hatari? Chagua ndege ya asubuhi, wakati hewa bado ya baridi. Wahi kaunta, kwa sababu begi lililowahi huingia mapema. Usigawe kilo zako kwenye maboksi matano; vipande vingi ni rahisi kutengana. Dawa, vyeti, chaja na nguo moja ya kubadilisha viwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye tiketi soma kiwango chako cha kilo, maana hutofautiana kwa daraja na kwa bei; kwa daraja la kawaida utakiona sana 23 kwa begi na 7 kwa mkononi.

Begi lisipotokea, usitoke ndani ya uwanja. Nenda kwenye dawati la shirika, toa kile kipande chenye namba, eleza rangi na alama za begi, na udai karatasi ya taarifa yenye namba ya kumbukumbu. Bila karatasi hiyo, kesho yake unaanza upya. Shirika likikuzungusha, malalamiko ya abiria wa ndege yanapokelewa na baraza la watumiaji lililo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, linalojulikana kama TCAA-CCC.

Naweza kubeba mawese, dagaa au asali ya Tabora?

Ndiyo kwa utaratibu, na uliza kaunta kabla ya kufunga, kwa kuwa kila shirika lina masharti yake.

Mawese huvuja kwa sababu inayoeleweka. Ndani ya ndege iliyo juu, shinikizo la hewa hushuka hadi kufanana na mlima wa mita 2,400 hivi. Hewa uliyoifungia Kigoma ndani ya dumu inavimba kwa karibu moja ya tano, inasukuma mafuta kwenye kifuniko, na kifuniko cha dumu la mtumba kina nyufa usizoziona. Jaza dumu hadi karibu na shingo ili hewa ibaki kidogo, lakini usilijaze pomoni. Weka karatasi ya nailoni ngumu mdomoni kabla ya kufunga, kaza, zungushia utepe. Liweke ndani ya mifuko miwili, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko, na lisimame wima. Kabla ya kwenda uwanjani lilaze juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likiwa na doa asubuhi, dumu hilo haliendi. Asali ifungwe hivyo hivyo. Ni nzito na haitoki haraka, ila ikitoka inaharibu mizigo ya watu wengine, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Dagaa wawe wakavu kweli. Bonyeza mmoja katikati: akikunjika bila kukatika bado ana maji, na harufu yake itajaza ndege. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana ndiyo salama. Kiroba peke yake hakizuii harufu. Migebuka mibichi kwenye barafu usiipeleke bila kukubaliwa kwanza, kwa kuwa barafu huyeyuka na kumwaga maji kwenye shehena.

Ndege imefika juu ya Kigoma ikageuza. Ni kwa nini?

Rubani ana kipimo cha kuona njia ya kutua: akifika kimo fulani hajaiona, hana ruhusa ya kuendelea kushuka. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili na Mei ni mvua. Mawingu marefu yenye radi huziba njia, na kwa kawaida hukua mchana na alasiri joto likishapanda. Kiangazi kina tatizo lake: moshi wa misitu na mashamba yanayochomwa hutanda Kigoma na Tabora, ukichanganyika na vumbi, na asubuhi isiyo na upepo unakaa chini.

Akishindwa, huzunguka akisubiri kwa kadiri mafuta yanavyoruhusu, kisha huenda uwanja wa akiba au kurudi alikotoka. Tabora iko kilomita 351, Mwanza kama 453. Huko usikimbilie kutoka nje. Baki na pasi yako ya kupandia ndege, kwani ndiyo inayokuthibitisha kwamba safari yako haijaisha, na muulize mhudumu swali moja: ndege inasubiri hewa isafike, au safari imeahirishwa? Majibu hayo mawili yana mipango tofauti kabisa.

Nina ndege ya kimataifa Dar es Salaam. Niache nafasi ya saa ngapi?

Kama tiketi ni moja na begi limeandikwa hadi mwisho wa safari, fuata muda ambao shirika limekupa. Kama umekata tiketi mbili tofauti, lala Dar es Salaam usiku mmoja. Tunajua ni gharama. Lakini ndege ya mikoani inatumia chombo kilekile kwa safari kadhaa kwa siku. Asubuhi kikichelewa kwa muda wa saa 1 mji mmoja, jioni kinaweza kuwa nyuma kwa saa 3, na shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri. Asiyeweza kulala aache walau saa 6 na achukue ndege ya kwanza ya siku.

Kumbuka pia kwamba majengo ni tofauti. Jengo la Tatu, lililozinduliwa mwaka 2019, ndilo la safari za kimataifa, na safari za ndani zimezoeleka Jengo la Pili. Ukibeba mabegi yako mwenyewe, unatoka nje, unakwenda kwa gari, unakaguliwa upya. Soma jengo lililoandikwa kwenye tiketi.

Ukihesabu tangu kutoka nyumbani, ndege inaokoa muda kiasi gani?

Tuchukue mtu wa Ujiji anayekwenda Mbezi. Uwanja wa Kigoma uko karibu na mji, kwa hiyo bajaji ni dakika chache. Awe uwanjani saa 2 kabla. Ndege saa 2 hadi 3. Kusubiri mzigo nusu saa. Kutoka uwanjani hadi Mbezi jioni, Barabara ya Nyerere ikiwa imejaa, saa 1 na nusu si ajabu. Jumla ni saa 6 hadi 7 na kidogo, ambazo angani hazifiki nusu.

Basi linachukua karibu siku nzima na usiku wake. Treni ya reli ya zamani ni kama siku mbili, na bado ndiyo nafuu kwa mwenye mizigo mingi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na inatumia takribani saa 4. Kwa mtu wa Tabora anayepanda basi hadi Dodoma, hesabu hiyo inaanza kuwa na maana. Kwa mtu wa Kigoma bado ni safari ya siku mbili kwa vitendo.

Ninampeleka mgonjwa Muhimbili. Nijiandae vipi?

Mwambie daktari wake kwanza kwamba anasafiri kwa ndege. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi kama ya mlimani, na mwenye shida ya mapafu, moyo, upungufu mkubwa wa damu au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anaweza kuzidiwa. Pata barua inayosema anafaa kusafiri. Kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kukata tiketi au angalau saa 48 kabla. Anayelazimika kulala kwenye machela anahitaji mipango ya pekee na shirika, na si kila ndege inaweza. Usimfikishe uwanjani ukitarajia huruma ya kaunta. Mgonjwa huyu ndiye hasa wa kutafutiwa ndege isiyotua njiani.

Kiti gani kina dirisha zuri?

Ukienda Kigoma, kulia ni kaskazini na kushoto ni kusini. Juni na Julai jua liko kaskazini, basi kushoto kuna kivuli. Desemba na Januari ni kinyume. Kwenye Q400 mabawa yako juu ya madirisha, hivyo ardhi inaonekana karibu kila kiti, ila safu za katikati zina injini na pangaboi mbele ya macho na kelele zaidi. Baada ya Tabora chini ni misitu ya miombo, kisha mabonde ya maji ya Malagarasi, halafu milima inaanguka ghafla na ziwa linaonekana.

Na miji mingine kutoka Kigoma?

Kwa mstari ulionyooka: Bujumbura kama kilomita 178, Mwanza 453, Dodoma 688. Ukaribu wa ramani hauna maana kwamba kuna ndege. Mwanza haifiki nusu ya umbali wa Dar es Salaam, lakini pasipokuwa na safari ya moja kwa moja siku hiyo utapitishwa Dar es Salaam, na kilomita 453 zitageuka 1,900.

Nikitua Kigoma, naendeleaje?

Kasulu ni takribani kilomita 100 kwa barabara. Magari madogo na mabasi yapo mchana, kwa hiyo ndege ya asubuhi inakuwezesha kufika siku hiyo hiyo. Kibondo ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na aliyetua alasiri ni heri alale mjini. Hifadhi ya Gombe haina barabara: unashuka hadi Kibirizi na kupanda boti, ama ya kukodi, ama ya abiria inayokwenda vijiji vya kaskazini. Boti ya abiria haisubiri ndege iliyochelewa. Hifadhi ya Mahale ina kiwanja cha ndege ndogo za kukodi. Kwa maji ni safari ndefu ya kuelekea kusini, na inapaswa kupangwa kabla hujakata tiketi ya kuja Kigoma.